Gari moja, nafasi moja ya kuegesha: Jumamosi Athi River, Jumatatu shule

BabaZawadi (#1, Jumapili usiku)

Wadau, nizuieni kabla sijafanya ujinga, au basi nisaidieni niufanye vizuri.

Nina milioni moja na laki sita nilizodunduliza kwa miaka minne. Mama Zawadi amesema "sawa". Si ile sawa ya furaha, ni ile ya kuninyamazisha, lakini nimeipokea hivyohivyo. Nataka gari la michezo la zamani, lile ambalo ukishika usukani unajua barabara ina nini chini yako.

Shida ni kwamba ploti yetu hapa South B inampa kila mpangaji nafasi moja ya kuegesha. Moja. Kwa hivyo atakayeniambia ninunue mawili aseme kwanza la pili litalala wapi. Gari hilohilo litampeleka Zawadi (miaka 8) na mdogo wake (miaka 3) shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, litapanda Nyeri kwa cucu (nyanya yao) mara moja kwa mwezi, na Jumamosi mojamoja nitashuka nalo Athi River, pale kwenye kiuwanja cha mbio cha Whistling Morans, nikalinyooshe.

Macho yangu yako kwa matatu. BMW E30, 325i ya milango minne. Subaru Impreza WRX ya kizazi cha kwanza, ile ya stesheni-wagoni. Na msinicheke, kuna Porsche 911 ya mwisho wa miaka ya 1970 iko Karen. Mwenyewe hataji bei, anasema tu "njoo tutaelewana". Sasa hivi nina Toyota Fielder, hiyo itauzwa.

Probox_Milele (#2)

Baki na Fielder. Jumamosi kodisha karti (kile kigari kidogo cha mbio), zunguka mpaka mgongo uume, kisha urudi nyumbani na gari linalowaka. Nimemaliza.

BabaZawadi (#3)

Nilijua utakuwa wa kwanza.

Msee_wa_Boxer (#4)

Buda, jibu ni Impreza, hata usizunguke. Milango mitano, buti inameza kigari cha mtoto na gunia la viazi kutoka kwa cucu, na magurudumu yote manne yanasukuma. Mvua ya Aprili ikikupata Mombasa Road, wengine wanawasha hazadi, wewe unaenda zako.

Halafu kuna jambo watu wanasahau: tuko juu hapa. Nairobi ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyembamba. Injini isiyo na tabo (turbo) imeshapoteza nguvu za farasi kabla hujatoka getini. Hiyo 325i iliyoandikwa farasi 170 kwenye kitabu, hapa kwetu ni kama 140. Tabo inajisukumia hewa yenyewe, inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea.

Sitakuficha mabaya. Nimeua giaboksi moja. Zile za zamani za gia tano hazimtaki mtu wa kuachilia klachi ghafla kwenye taa ili aonekane. Na oili: iangalie kila ukijaza mafuta, si kila ukikumbuka. Ikipungua kidogo tu, kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, bearingi zinakwenda, na hapo unatafuta injini ya ex-Japan kwa pesa ya ada. Mafuta? Kwenye jam nilikuwa napata kilomita sita kwa lita. Nikikanyaga, hiyo ni siri yangu na Mungu.

Mzee_Kabureta (#5)

Hamkuniamkia, lakini nimewasamehe.

Pasaka ya 1973 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alitupakia kwenye Peugeot 404 mpaka kando ya barabara ya Embu tukaone mbio za magari za Safari Rally zikipita. Mwaka ule Shekhar Mehta alishinda na Datsun 240Z, tena kwa tundu la sindano: yeye na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, walimaliza na adhabu sawasawa, ikabidi kanuni iamue. Nilirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye meno, na tangu siku hiyo sijapona.

Nayasema haya kwa sababu ya hiyo 911. Gari zuri namna ile, lenye madereva wazuri namna ile, lilimaliza Safari likiwa la pili mwaka 1974, likawa la pili tena 1978 mikononi mwa Vic Preston Junior. Na 1978 aliyemshinda alikuwa na nini? Peugeot 504. Ndiyo, ilikuwa ile ya milango miwili yenye silinda sita, si ile iliyokuwa ikibeba abiria wa Kisumu, lakini ukoo ni mmoja. Barabara zetu zina tabia ya kumchagua mwenye miguu mirefu na moyo wa polepole.

BabaZawadi, 911 ya umri huo haina rejeta. Inapozwa kwa hewa na oili. Kwenye jam ya Uhuru Highway utautazama mshale wa joto la oili kama unavyomtazama mtoto mwenye homa. Viti vya nyuma ni vya kuwekea mikoba. Na injini imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hivyo ukiingia kona kwa kasi, ukaogopa katikati ukaachilia pedali ya mafuta, mkia unataka kukutangulia nyumbani. Mwenye kulijua hulicheza kama ngoma. Wewe unalijua?

Afadhali pia hukutaja gari la kabureta. Lililopimwa kwa usawa wa bahari likiletwa huku linamwaga petroli nyingi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya githeri, mpaka ubadilishe jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli. Nimefanya kazi hiyo nusu ya maisha yangu na bado naipenda, ila mimi watoto wangu wameshaoa.

Kisauni_Kid (#6)

Habari za huko bara. Neno langu ni moja. Ukiambiwa gari lilikuwa la daktari mmoja wa Nyali na halikutembea sana, mshukuru, kisha lala chini ya gari na tochi. Chumvi ya bahari haimjui daktari. Langu mimi nililinunua liking'aa kama kanzu ya Idi. Nilipokunjua zulia la buti niliona mchanga wa Bamburi kupitia sakafu, wallahi.

E30 tazama pale pa kuwekea jeki, kingo za paa linalofunguka, na chini ya taa za nyuma. Impreza tazama matao ya magurudumu ya nyuma na pale juu shoks zinapoishia ndani ya buti. Gonga kwa kidole. Bati lina sauti yake na puti ya kuzibia mashimo ina yake.

FundiKirinyaga (#7)

Hizi zote mbili nimezifungua miaka ishirini na mbili. Nitasema ya mkononi tu.

Mwambie muuzaji unakuja saa nne, kisha fika saa mbili. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameshaliwasha ili usisikie linavyoamka. Aga, rudi kesho. Gari la umri huo linasema ukweli wake wote katika sekunde ishirini za kwanza likiwa baridi: moshi wa buluu ni oili, moshi mweupe usioisha ni maji yanayoingia kusikotakiwa, na kugonga kwa chini kwenye Subaru ni sababu ya kwenda nyumbani.

Joto. Hapa tulipo maji wazi yanachemka karibu digrii 94, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha, na presha inashikwa na kifuniko cha rejeta. Naletewa magari yenye rejeta ya aluminiamu ya kung'aa na kifuniko cha kuokota. Mtu amebadilisha feni, ametoa themostati (usitoe themostati!), amemwaga maji ya mfereji, na ugonjwa ni mpira wa kifuniko uliokauka.

325i ina mkanda wa taimingi. Ukikatika, vavu zinakutana na pistoni. Muuzaji akisema "ulibadilishwa juzijuzi" na hana risiti, hesabu kwamba haukubadilishwa. Unafungwa mpya pamoja na pampu ya maji kabla ya safari yoyote, hata ya Nyeri ya kwenda kumwonyesha cucu. Impreza nayo ni ya mkanda, na roli zake zibadilishwe pamoja. Watu hupenda kubana hapo.

Karatasi sasa. Magari haya yamebadilishiwa injini kuliko watu wanavyobadilisha simu. Soma namba ya injini na ya chesisi wewe mwenyewe, usisomewe. Linganisha na logibuku, kisha tafuta rekodi ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Injini ikiwa nyingine na NTSA hawakuarifiwa, hiyo ni kazi ya muuzaji, aimalize kabla pesa haijatoka mfukoni mwako.

Ndoto_za_Drift (#8)

Kwani asiagize tu Toyota AE86 safi kutoka Japan? Huko ziko tele.

Karani_Upperhill (#9)

Hazitaingia. Gari lililotumika likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini, na usukani lazima uwe kulia. AE86 iliundwa kuanzia 1983 hadi 1987. Piga hesabu. Zilizoko ni zile zilizoingia zamani, na wenye nazo hawauzi, wanarithisha.

Maadam niko hapa, niseme la bima. Kampuni nyingi hazipendi kukatia gari la umri huu bima kubwa. Ukipata inayokubali, mthamini aje alione na thamani iandikwe mapema, maana la sivyo wakati wa fidia E30 yako itahesabiwa kama chuma chakavu. Kisha soma ukurasa wa yasiyolipiwa. Mashindano na majaribio ya kasi yamo. Ukiligonga Athi River ni lako, na gari la kulikokota ni lako.

MamaPacha_Umoja (#10)

Mmeongea injini tangu juzi na hakuna aliyeuliza watoto watakaa wapi. Mume wangu ana gari la namna hii, kwa hivyo haya sikusoma mahali, nimeyakalia.

Lilikuja na keji ya vyuma ndani, likapigiwa makofi na marafiki zake wote. Mimi niliketi nyuma siku moja tu. Keji inamwokoa dereva aliyevaa helmeti na kufungwa kwa mikanda ya mabega. Mwanangu haendi shule na helmeti. Breki moja ya ghafla na kichwa chake kinakutana na bomba la chuma. Lilitoka wiki hiyohiyo, na ile mikanda ya mbio nayo, kwa sababu inapita palepale mtoto anapotakiwa kukaa. Kwa hivyo ukikuta gari "limeshaandaliwa", usiseme nimeokoa pesa. Uliza itagharimu ngapi kuliandalua.

Magari haya hayana ISOFIX, zile ndoano za kufungia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye gari. Kiti cha mtoto kitafungwa kwa mkanda wa gari, basi hakikisha nyuma kuna mikanda inayopita begani, si ule wa tumboni peke yake, na uuvute kwa ghafla uone kama unakamata. Mikanda ya miaka thelathini huwa imechoka. Na ukienda kuangalia gari, beba kile kiti chenyewe cha mtoto. Si vipimo vyake. Chenyewe. Kifunge, halafu rudisha kiti cha dereva mahali unapokaa wewe, uone kama magoti ya mtoto yamebaki na nchi.

La mwisho, shemeji, mwache mama Zawadi aliendeshe kabla hujalipa. Klachi ikimshinda kwenye mlima wa jam, utakuwa umenunua gari la mtu mmoja na dereva wa shule atakuwa wewe milele.

Probox_Milele (#11)

Dada ameongea. Fielder ina ISOFIX.

E30_Langata (#12)

Huu ni mwaka wangu wa saba na 325i ya milango minne, naona kila mtu anaisemea bila kuniuliza.

Haina kasi. Wacha niseme mapema. Kijana mwenye Golf ya juzi ananiacha kutoka taa za Nyayo Stadium akiongea na simu. Lakini huko Athi River utaitumia wapi hiyo kasi? Sisi hatuna uwanja mkubwa wa mbio kama Kyalami ya Afrika Kusini. Kiuwanja ni kifupi, kona inazaa kona, unaishi kwenye gia ya pili na ya tatu. Kinachokwisha kwanza si nguvu, ni breki, halafu tairi, halafu shingo ya dereva. Gari jepesi na la kawaida linakufundisha zaidi, kwa sababu kila kosa unalisikia likija.

Nilifanya kosa la wote: nikashusha springi. Wiki ya kwanza lilipendeza. Wiki ya pili matuta ya estate yakala silensa, na mke wangu akawa anashuka kabla ya tuta kama abiria wa lori. Nikarudisha springi za urefu wa kawaida, nikaweka shoks mpya na bushi mpya (ile mipira ya kwenye maungio ya chini) kila mahali. Hapo ndipo gari lilipokuwa gari. Bushi za miaka thelathini ni uji, na watu hununua tabo kabla ya kununua bushi.

Tairi: achana na zile laini za mbio, ukishikwa na mvua ukirudi utaomba. Nunua za barabara zilizo nzuri, na soma tarakimu nne za pembeni, wiki na mwaka. Magari ya maonyesho huja na tairi zenye meno mazuri zilizotengenezwa mtoto wako hajazaliwa.

Msee_wa_Boxer (#13)

Shukuru mvua haijanyesha Jumamosi tukiwa wote pale.

E30_Langata (#14)

Shukuru giaboksi yako ya pili.

Mzee_Kabureta (#15)

Watoto, acheni. BabaZawadi, kuna Concours, maonyesho ya magari, pale Ngong Racecourse, ile ya klabu ya wenye Alfa Romeo inayofanyika tangu 1970. Nenda ukawaulize wenye magari, si madalali. Mwenye gari la zamani ukimwuliza linamsumbua nini, hatanyamaza mpaka jua litue.

BabaZawadi (#16, wiki tatu baadaye)

Nimerudi. Nimeyaona yote matatu.

Karen kwanza, ili roho itulie. Lile 911 ni zuri, siwezi kusema uongo. Zawadi aliingia nyuma akakunja magoti mpaka kidevuni, akasema "Baba, hapa ni pa paka." Na "tutaelewana" ilikuwa milioni nne na ushei. Hatukuelewana.

Impreza iko upande wa Ruaka. Nilifanya kama fundi alivyosema, nikafika mapema saa mbili nzima. Boneti ilikuwa ya moto. Nikarudi kesho yake, ya moto tena. Jamaa akasema ametoka dukani. Mara zote mbili? Namba ya injini haikufanana na logibuku, na alipoulizwa akasema hizo ni "karatasi tu". Inauma, kwa sababu nilipoliendesha kidogo lilinisukuma kifua nikacheka peke yangu. Msee_wa_Boxer, nakuelewa sasa. Ningepata lililo safi, huu uzi ungeishia pengine.

E30 ilikuwa kwa mzee mmoja Lavington, rangi ya kijani iliyofifia, paa halifunguki (Kisauni, kingo moja ya kutu imepungua), risiti ziko kwenye bahasha ya khaki tangu alipolinunua. Lilikuwa baridi kama jiwe. Likaamka kwa mara ya pili, likatetemeka kidogo, likatulia. Mkanda wa taimingi una risiti ya miaka saba iliyopita, kwa hivyo nimeuhesabu kama haupo. Bushi ni uji, kama ulivyosema. Sehemu ya jeki upande wa kushoto imeanza kuliwa.

Kiti cha mtoto tulibeba. Mama Zawadi alikifunga, akakaa katikati ya watoto wote wawili nyuma, akaniambia nizunguke mtaa. Hakusema neno. Kisha akataka ufunguo. Tulilipandisha Expressway kutoka Mlolongo, kwa kasi ya 80 inayoruhusiwa, tukashukia Westlands na kujitia kwenye jam ya Waiyaki Way kusudi. Mshale wa joto ulibaki katikati dakika arobaini. Klachi ni nzito kidogo. Alizima gari mara moja tu, akamtazama mtu wa nyuma kwenye kioo kama yeye ndiye mwenye kosa.

Mzee alitaka milioni moja na laki tatu. Tumekubaliana milioni moja na laki moja na nusu, na kilichobaki ni cha mkanda, bushi, shoks na ile kutu.

FundiKirinyaga (#17)

Na mafuta ya breki. Andika.

BabaZawadi (#18, wiki sita baadaye)

Sikuandika.

Mkanda umefungwa, bushi zimefungwa, kutu imekatwa na kuchomewa bati jipya. Jumamosi nikashuka Athi River nikiwa nimenyoa ndevu. Mizunguko mitatu ya kwanza nilikuwa Shekhar Mehta. Wa nne, kabla ya kona ya kushoto, nikakanyaga breki na pedali ikazama kama mguu kwenye matope ya Nyandarua. Nikapampu, ikapanda kidogo, nikaivuka kona upande wa nyasi. Gari halina hata mkwaruzo. Mimi ninao, moyoni.

Nilikaa pembeni saa nzima mpaka pedali ikarudi, kisha nikaendesha mpaka nyumbani kama nimebeba mayai. Zawadi aliinama karibu na gurudumu akasema linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Fundi, pedi zilizomo ni za kawaida. Niweke zile za mbio?

FundiKirinyaga (#19)

Usiweke. Pedi za mbio hazishiki zikiwa baridi, na saa kumi na mbili na nusu kwenye geti la shule ni baridi. Chukua za kati, zinazovumilia moto bila kusahau asubuhi.

Kilichokuangusha si pedi. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanavumilia angalau digrii 230 bila kuchemka. Yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka mpaka 155, na yale ya mzee wa Lavington sidhani yaliwahi kubadilishwa tangu shilingi kumi ilipokuwa noti. Yalichemka, yakafanya mvuke, na mvuke ukiukanyaga unakunjika tu. Tunamwaga yote, magurudumu manne, na paipu za mpira tunabadilisha kwa sababu zimevimba. Ukitoka kwenye mizunguko, zunguka mmoja wa polepole upoe, na ukiegesha diski zikiwa za moto usivute handibreki, weka gia na jiwe.

Lete chupa zenye sili. Njoo Alhamisi.

BabaZawadi (#20)

Alhamisi gari ni la mama Zawadi. Ijumaa jioni?

FundiKirinyaga (#21)

Ijumaa saa kumi na moja. Usichelewe.